Swichi za kampuni tatu ndani ya laptopu moja

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni fundi wa mitandao hapa Moshi, kazi yangu ya kila siku ni kuvuta fiba na kufunga ruta kwa wateja. VLAN naziweza, BGP naijua kidogo. Nataka kuhamia kazi za data senta, lakini matangazo ya kazi yanataka mtu anayejua EVPN na VXLAN, tena aliyeshika vifaa vya kampuni zaidi ya moja. Hata swichi moja ya data senta sina uwezo wa kuinunua. Laptopu yangu ina RAM GB 16. Nilijaribu mashine pepe, mbili tu zikaimaliza. Nasikia kontena zinaweza. Ni kweli? Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, na hiyo laptopu yako inatosha. Kwa msomaji mgeni: VLAN ni kuigawa swichi kuwa mitandao midogo, BGP ni itifaki ya ruta kuambiana njia, VXLAN hubeba mtandao wa seva juu ya mtandao mwingine, na EVPN huziambia swichi seva ipi iko wapi. Ila nikuonye mapema: kuwasha maabara ni kazi ya jioni moja. Kinachokula wiki ni kuzifanya swichi za kampuni mbili zielewane, na elimu unayoitafuta iko hapo hapo. Kwa hiyo sitakaa sana kwenye kuwasha.

Kwanza, kwa nini mashine pepe zilikulemea. Kila mashine pepe ni nyumba kamili, ina msingi wake, paa lake na kisima chake. Ukijenga nyumba nne, kiwanja kimekwisha. Kontena ni vyumba vya kupanga, kama zile nyumba za Majengo au Ngarenaro: kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, lakini msingi na paa ni vya mwenye nyumba. Mwenye nyumba hapa ni kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, na wapangaji wote wanaitumia hiyo moja. Kila kontena inapewa chumba chake cha mtandao, chenye intafesi zake na jedwali lake la njia, na hakichungulii cha jirani. Swichi nyingi za data senta siku hizi ni Linux kwa ndani, ndiyo maana baadhi ya kampuni zimeweza kuifunga programu ya swichi nzima ndani ya kontena.

Chombo cha kutumia ni Containerlab, programu huria iliyoanzishwa na wahandisi wa Nokia. Inakaa juu ya Docker, programu ya kuendesha kontena. Docker peke yake haitoshi, kwa sababu yenyewe huzikusanya kontena zote kwenye swichi moja ya pamoja, wakati wewe unataka waya kutoka poti hii hadi poti ile. Containerlab inavuta waya hizo kwa jozi za veth za Linux (waya pepe wenye ncha mbili), kila ncha chumba chake. Faida mojawapo utaiona mapema: LLDP, itifaki ya kifaa kujitambulisha kwa jirani, inapita. Wale waliokuwa wakiunganisha vifaa pepe kwa daraja la Linux wanakumbuka jinsi daraja lilivyokuwa likimeza fremu za LLDP na LACP (ya kufunga waya kadhaa ziwe kama mmoja) kimyakimya, nawe unabaki ukilaumu konfigi isiyo na kosa.

Kama laptopu yako ni ya Windows, weka WSL2 (Linux ndani ya Windows) na ufanye kila kitu humo ndani. Kama ni Linux, endelea moja kwa moja.

Sasa uchague wahusika. Ushauri wangu ni huu: SR Linux ya Nokia, cEOS ya Arista, na FRR. SR Linux unaivuta bure bila kujiandikisha popote. cEOS ni bure pia, lakini lazima ufungue akaunti kwenye tovuti ya Arista, upakue faili, kisha uiingize kwa `docker import`. FRR ni programu huria ya ruting iliyochipuka kutoka Quagga na kutangazwa mwaka 2017, haina swichi ndani yake, ni ubongo tu, na inatumia kerneli ya Linux kama mwili. Kwa kumbukumbu, FRR haifikishi hata robo ya GB. cEOS hukaa karibu na GB moja hadi moja na nusu, SR Linux moja na nusu hadi mbili. Piga hesabu: FRR moja juu, moja ya Nokia na moja ya Arista chini, pamoja na seva mbili ndogo za kupigiana ping. Hata kivinjari unaweza kukiacha wazi.

Utaniuliza Cisco na Juniper ziko wapi. Nexus 9000v ni mashine pepe, siyo kontena. Kuna njia ya kuivika ganda la kontena kwa kutumia vrnetlab, lakini ndani ya ganda bado ni ile ile nyumba nzima yenye kisima, na itakudai GB nane au zaidi peke yake. vJunos-switch ya Juniper nayo ni hivyo hivyo. Ziache mpaka upate mashine kubwa. Maarifa ya EVPN utakayoyapata kwa hizi tatu yanahamishika, maana itifaki ni moja, imeandikwa kwenye hati za viwango vya intaneti ziitwazo RFC: RFC 7432 ya mwaka 2015 na RFC 8365 ya 2018.

Faili lenyewe ndilo hili. Liite `moshi.clab.yml`:

```
name: moshi
topology:
  nodes:
    spaini1:
      kind: linux
      image: quay.io/frrouting/frr:9.1.0
      binds:
        - daemons:/etc/frr/daemons
    lifu1:
      kind: nokia_srlinux
      image: ghcr.io/nokia/srlinux:24.10.1
    lifu2:
      kind: arista_ceos
      image: ceos:4.32.0F
    seva1:
      kind: linux
      image: ghcr.io/srl-labs/network-multitool
    seva2:
      kind: linux
      image: ghcr.io/srl-labs/network-multitool
  links:
    - endpoints: ["lifu1:e1-49", "spaini1:eth1"]
    - endpoints: ["lifu2:eth1", "spaini1:eth2"]
    - endpoints: ["lifu1:e1-1", "seva1:eth1"]
    - endpoints: ["lifu2:eth2", "seva2:eth1"]
```

Spaini ni swichi ya juu, lifu ni za chini zinazoshika seva. Lifu haziungani zenyewe kwa zenyewe, kila moja inapanda kwa spaini. Umbo hili ni la zamani kuliko intaneti: Charles Clos wa Bell Labs aliliandika mwaka 1953 kwa ajili ya mitambo ya simu. Jina la imeji ya cEOS liwe lile ulilolitoa mwenyewe ulipoiingiza. Lile faili la `daemons` ni nakala ya lile la FRR, uliweke kando ya faili hili; humo badilisha `bgpd=no` iwe `bgpd=yes`, la sivyo utakaa na FRR isiyojua BGP ni nini.

Andika `sudo containerlab deploy -t moshi.clab.yml`, subiri kidogo, na kontena zote zinapata anwani za usimamizi kwenye 172.20.20.0/24. Unaingia kwa `ssh admin@clab-moshi-lifu1`. Nenosiri la Nokia ni `NokiaSrl1!`, la Arista ni `admin`. FRR huingii kwa SSH, unaifuata kwa `docker exec -it clab-moshi-spaini1 vtysh`.

Hapo sasa ndipo kazi ilipo.

Umewahi kukaa kwenye posa ya familia mbili za makabila tofauti? Ugomvi huwa hautoki kwenye yale yaliyosemwa. Unatoka kwenye yale ambayo kila upande uliona hayana haja ya kusemwa, kwa sababu kwao ndivyo mambo yalivyo. Swichi za kampuni mbili ni hivyo hivyo. Itifaki wameandikiana, lakini kila mmoja ana mila za nyumbani kwake, na mila hizo hazionekani kwenye konfigi. Ndiyo maana nakwambia anza na swichi chache za kampuni tofauti kuliko nyingi za kampuni moja. Lifu kumi za Arista zitaelewana siku ya kwanza na hutajifunza kitu.

Mila ya kwanza utakutana nayo kwenye mtandao wa chini, yaani ule wa kufikishiana anwani za lupbaki (anwani ya kudumu ya kila swichi, isiyofungwa kwenye poti yoyote). Mpe kila mmoja ASN yake (namba yake ya utambulisho kwenye BGP), 65000 kwa spaini, 65001 na 65002 kwa lifu, halafu panga eBGP, yaani BGP kati ya ASN tofauti. Ujirani utasimama. Utafurahi. Kisha utaangalia njia zilizopokelewa na kukuta sifuri. Sababu ni RFC 8212 ya mwaka 2017, inayosema kwamba ruta ya eBGP isiyopewa sera isipokee wala kutoa njia yoyote. FRR inaifuata sheria hiyo, na SR Linux pia inaifuata. Arista kwa kawaida yake haijali, inapokea na kutoa tu. Kwa hiyo una nyumba tatu, mbili zinasubiri ruhusa na moja imeshaanza kula. FRR angalau ni muungwana: ukiandika `show bgp summary` itakuonyesha neno `(Policy)` mahali ambapo ungetarajia idadi ya njia. Wengi huandika `no bgp ebgp-requires-policy` na kuendelea na safari. Kwa maabara sikukatazi. Ila mtu anayetaka kazi ya data senta aandike sera yake kwa mkono, angalau mara moja, inayoruhusu lupbaki peke yake. Kwenye SR Linux utailazimika hata hivyo, kwa sababu ukiizima ile sheria bado haitatangaza lupbaki yake mpaka sera iitaje. Na usidhani haya ni mambo ya data senta tu. BGP hiyo hiyo ndiyo inayosemwa na watoa huduma wanaokutana pale AIXP, kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti hapa Arusha.

Ping ikishapita kati ya lupbaki za lifu1 na lifu2, nenda kwenye mtandao wa juu. VXLAN inachukua fremu ya seva na kuifunga ndani ya pakiti ya UDP, poti 4789, na kuibandika namba ya VNI, kitambulisho cha mtandao husika. Namba hiyo ina biti 24, ndiyo maana unapata mitandao zaidi ya milioni 16 mahali ambapo VLAN yenye biti 12 inakupa 4094. EVPN ndiyo inayobeba habari: njia ya aina ya 3 inasema "mimi nipo kwenye VNI hii, niletee matangazo yake", ya aina ya 2 inasema "MAC hii (anwani ya kadi ya mtandao) iko kwangu".

Hapa kuna mitego miwili iliyofungana, na wa kwanza unamficha wa pili. Kila njia ya EVPN inabeba alama iitwayo ruti tageti, RT, na lifu inaingiza zile tu zenye RT anayoitambua. Ukiiachia SR Linux iitunge yenyewe, itaanza na ASN yake: 65001. Arista wewe umeiandikia labda `10:10` kwa kuiga mfano fulani. Hazitakutana kamwe, na hakuna atakayelalamika. Njia zitafika, zitakaa kwenye jedwali la BGP zikionekana nzima, ila hazitaingia kwenye swichi. Dawa ni kuandika RT mwenyewe pande zote. Nokia inataka `target:100:10`, Arista inataka `100:10`, kwenye waya ni baiti zile zile. Baada ya hapo upande wa Nokia bado unaweza kukataa njia za Arista. Ni kwa sababu Arista haitumi komyuniti (alama za ziada za BGP) mpaka uiambie `send-community extended` kwa jirani yule, na RT ni komyuniti. Barua imefika bila muhuri.

Chunguza mambo haya kwenye spaini. FRR ikiwa katikati inaona barua za pande zote mbili, na `show bgp l2vpn evpn` inakuonyesha RT ya kila njia. Kabla sijazoea hivyo nilikuwa nahangaika na lifu moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta funguo mfuko ule ule mara tano.

Huduma yenyewe iwe ya VLAN moja kwa EVI moja (EVI ni mtandao mmoja wa EVPN). Arista ina namna nyingine ya kufunga VLAN nyingi pamoja, na mac-vrf (swichi pepe) ya SR Linux kwa kawaida yake haiendani nayo. Usiiguse kwa sasa.

Kuhusu MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti: kifungashio cha VXLAN kinaongeza baiti 50. Waya za Containerlab ni pana, baiti 9500, lakini intafesi za IP za swichi huzaliwa na 1500. Ziongeze kwenye njia za kupanda, pande zote, hadi 9000 kwa mfano. Ukisahau, ping ndogo itapita na faili kubwa litakwama. Jaribu `ping -M do -s 1472` kutoka seva1, ndiyo itakayosema ukweli.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana sana na huo, nao ulinila usiku mzima mwaka nilioanza. Ping ilipita kati ya seva mbili, kubwa na ndogo, MTU safi. `curl` ikaganda. SSH ikaganda. Nilibomoa na kujenga EVPN yote mara tatu, na EVPN haikuwa na kosa. Kumbe Linux huwa haihangaiki kupiga hesabu ya ukaguzi ya TCP, inaiacha kwa kadi ya mtandao iimalizie pakiti inapotoka. Kwenye veth hakuna kadi. Pakiti inaondoka na hesabu ambayo haijakamilika, swichi inaifunga kwenye VXLAN kama ilivyo, na ikifunguliwa upande wa pili seva inaikagua na kuitupa. Ping haikuathirika kwa sababu hesabu ya ICMP kerneli huipiga yenyewe. Dawa ni mstari mmoja, uuandike kwa kila seva:

```
sudo containerlab tools disable-tx-offload -c clab-moshi-seva1
```

Ukiona ping inapita na TCP haipiti, anza hapo kabla hujagusa kitu kingine.

Kwa kila tatizo, zoea kusikiliza waya. Mwenye nyumba anaweza kuingia chumba chochote: `sudo ip netns exec clab-moshi-spaini1 tcpdump -nni eth1 udp port 4789`. Mara ya kwanza kuiona fremu ya seva yako ikiwa ndani ya tumbo la pakiti nyingine, VXLAN inaacha kuwa mchoro wa kitabuni.

Mawili ya kwetu huku. Umeme ukikatika na laptopu ikazimika, ukiziwasha kontena kwa `docker start` zile waya hazirudi. Lazima u-deploy upya. Kwa hiyo kila jioni andika `containerlab save`, kisha uziweke konfigi za lifu kwenye faili na kuzitaja kwa `startup-config` ndani ya topolojia, na ya FRR kwa `binds` kama lile la `daemons`, ili maabara ijirudie yenyewe ilivyokuwa. Na bando: imeji za swichi ni kubwa. Usikubali kila mtu wa kundi lenu azivute kwa pesa yake. Mmoja avute, afanye `docker save`, aweke kwenye flashi, wengine `docker load`. Flashi ikipanda Noah asubuhi kutoka Arusha, kabla ya saa sita mchana Moshi mnafanya kazi. Ile ya cEOS tu kila mtu achukue kwa akaunti yake, ndivyo masharti yalivyo.

Usiitumie maabara hii kupima kasi. SR Linux bila leseni inapitisha pakiti 1000 tu kwa sekunde, na hata zingekuwa milioni, zinapita kwenye prosesa ya laptopu, siyo chipu ya swichi. Bafa kujaa, moduli ya fiba iliyochoka, feni inayolia, hayo utayakuta kazini. Hayo wewe wa kuvuta fiba umeshayazoea kuliko wengi wanaojua EVPN kwa karatasi.

Ukifika mahali seva1 na seva2 zinapigiana `curl` bila wasiwasi, fanya majaribio mawili. La kwanza, ongeza lifu ya tatu iliyo FRR tupu, ukitengeneza VXLAN yake kwa `ip link add`. Usipoandika `dstport 4789` Linux itatumia 8472, poti iliyokuwa ikiitumia kabla sheria haijaandikwa, na Nokia na Arista hazitaisikia.

La pili, ing'oe FRR pale spaini na uweke cEOS, konfigi yenye mantiki ile ile. Ujirani wote utasimama, njia zote zitaonekana, RT sahihi, na ping itakufa. Nenda lifu1 uangalie next-hop (anwani ya kupelekea pakiti) ya njia ya aina ya 3 iliyotoka lifu2. Utakuta anwani ya spaini. FRR ilikuwa inaiacha ya lifu2 bila kuigusa, Arista inaweka ya kwake kama eBGP yoyote ifanyavyo, na sasa lifu1 inafunga VXLAN na kuipeleka kwa swichi isiyoijua hiyo VNI. Iandikie spaini `next-hop-unchanged` kwa kila jirani wa EVPN, kisha piga ping tena.